Kaskazini ya Pemba kwa gari: jinsi ya kupanga safari kwa kitabu cha mwongozo, hatua kwa hatua

Wanaokwama kaskazini ya Pemba hukwama kwa namna ile ile. Wamesoma kitabu cha mwongozo, wamekunja pembe za kurasa, wameondoka Chake saa 4 asubuhi kwa raha zao. Saa 11 jioni bado wako kwenye njia ya udongo ndani ya msitu wa Ngezi, mafuta yameshuka, simu haishiki mtandao, na Vumawimbi waliikuta maji yamejaa mpaka juu.

Kitabu hakikuwadanganya. Kilisema kweli ya siku ile mwandishi wake alipopita. Kazi ya kuigeuza iwe kweli ya siku yako ni yako, na inafanyika mezani, si njiani.

Mwongozo huu unahusu safari ya siku 2 au 3 kwa gari au pikipiki ya kukodi, kuanzia Chake Chake au Wete. Upande mmoja unakwenda Konde, Ngezi, Vumawimbi na Ras Kigomasha. Upande wa pili unakwenda Tumbe, Micheweni na rasi ya Kiuyu. Njia ni nyingine, lakini hatua za kupanga ni zile zile pande zote mbili.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Kitabu cha mwongozo chenye ramani ya Pemba. Ramani ya Unguja yenye Pemba ndogo pembeni haitoshi.
- Ramani ya simu iliyohifadhiwa ili ifunguke bila intaneti. Ihifadhi ukiwa mjini.
- Uzi wa kushonea, rula na penseli. Kalamu ya wino haifai, kwa sababu utafuta mara nyingi.
- Daftari dogo la kuingia mfukoni.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa. Ukikosa, kalenda yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu.
- Namba za simu 3 za watu walioko kaskazini wiki hii. Tutaeleza ni akina nani.

Vya kwenye gari: tairi la akiba lenye upepo (lipime, usitazame tu), jeki, spana ya nati za tairi, kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, pampu ya upepo, kamba nene ya mita 5 hivi, koleo dogo, tochi na dumu la maji. Kwa pikipiki: tyubu ya akiba, spana za magurudumu, pampu, na kofia ngumu mbili ikiwa mnapanda wawili.

Ule ubao ndio unaosahauliwa zaidi. Jeki ikisimama kwenye mchanga au udongo laini huzama yenyewe na kuliacha gari lilipokuwa. Kipande cha upana wa sentimita 30 kinamaliza tatizo.

## Hatua ya 1: Jua umri wa kitabu

Fungua ukurasa wa haki za mwandishi, kule mwanzoni. Soma mwaka wa toleo, kisha toa mwaka mmoja au miwili. Huo ndio mwaka wa habari zilizomo, kwa kuwa mwandishi husafiri kwanza, kitabu hufuata baadaye. Andika mwaka huo kwa penseli juu ya ramani ya Pemba.

Sasa pitia sura ya Pemba na uweke alama mbili. Weka nukta kwenye mambo yasiyohama: rasi, misitu, fukwe, magofu, vijiji, upande wa vilima na upande wa mawe. Weka mkwaju (mstari wa mshazari, /) kwenye mambo yanayohama: nauli, ada, namba za simu, nyumba za wageni, siku za boti, hali ya barabara, muda wa kufika.

Mfano ulio wazi ni barabara ya Chake hadi Wete, ambayo imekuwa ikijengwa upya katika miaka hii ya 2020. Kitabu cha mwaka 2015 kikikupa muda wa kuipita, muda huo ni wa barabara nyingine.

Umefaulu ukiona: kurasa zina mikwaju mingi kuliko ulivyotarajia. Kila mkwaju ni swali la hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Geuza saa na uhakikishe majina

Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao wanapoachwa na boti. Kitabu cha kigeni huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kikiandika ofisi ya msitu iko wazi 7.30 hadi 15.30, ni saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Geuza kila saa iliyomo kwenye sura yako, uandike saa yetu pembeni, kisha usitazame tena ya asili. Kuchanganya namna mbili za saa katika ukurasa mmoja ni kujitegea mtego.

Majina ni mtego wa pili. Chwaka yenye magofu iko karibu na Tumbe, kaskazini ya Pemba, nayo haihusiani na Chwaka ya Unguja. Kiuyu Mbuyuni iko kwenye rasi upande wa Micheweni, lakini Kiuyu Minungwini iko wilaya ya Wete. Ukimwambia dereva "Kiuyu" tu, atakupeleka ile anayoijua yeye. Vumawimbi huandikwa neno moja au mawili, na ramani ya simu huweza kukataa namna mojawapo. Andika kila jina pamoja na kijiji cha jirani: "Vumawimbi, kwa kupitia Makangale."

Jambo jingine dogo lenye faida: mzee akikuelekeza, huenda asiseme kaskazini. Atasema "upande wa kibla". Kwetu visiwani kibla ni kaskazini, na suheli ni kusini.

## Hatua ya 3: Vunja kila aya iwe vipande

Chukua sentensi ya kawaida ya kitabu cha mwongozo, ya mfano huu: "Ufukwe mzuri usio na watu, mwendo wa saa moja kutoka Wete, beba maji." Inasomeka vizuri. Ukiivunja, inatoa maswali manne.

Saa moja kwa chombo gani? Mwandishi huenda alipakiwa na dereva mwenyeji kwenye gari lenye nguvu za magurudumu yote manne.

Saa moja msimu gani? Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba hubadili udongo kuwa kitu kingine kabisa.

Ufukwe mzuri maji yakiwa wapi?

"Beba maji" maana yake hakuna duka. Basi hakuna chakula pia, wala mafuta, wala fundi wa pancha.

Fanya hivi kwa kila mahali unapotaka kusimama. Kwenye daftari andika jina, kisha mistari minne: chombo, msimu, maji ya bahari, kinachokosekana. Mahali penye mstari usiojibika bado pasiingie kwenye ratiba.

## Hatua ya 4: Pima njia kwa uzi, kisha uigeuze kuwa muda

Watu hupima kwa rula, mstari ulionyooka, halafu wanashangaa. Pemba ni kisiwa cha vilima na ghuba zilizoingia ndani. Barabara hupinda kuzifuata.

1. Tafuta kipimo cha ramani, ule mstari mdogo wenye kilomita. Upime kwa rula. Tuseme kilomita 10 ni sentimita 4.
2. Lowesha uzi kidogo ili ushike karatasi, uulaze juu ya barabara kona kwa kona.
3. Unyooshe uzi juu ya rula. Tuseme umepata sentimita 6.5. Hiyo ni kilomita 16 na robo.
4. Ongeza sehemu moja ya tano kwa kona ambazo ramani ndogo haizionyeshi. Sasa una kilomita 19 na nusu.

Ramani ya simu itakupa umbali bila shida hii yote. Hata hivyo pima kwa uzi. Sababu ni kwamba vidole vyako vikipita juu ya kila kona, utaikumbuka njia siku ambayo simu imezimika.

Baada ya hapo gawa njia kwa aina ya ardhi, na kila aina uipe mwendo wake:

- Lami inayopita vijijini: kilomita 40 kwa saa. Kuna watoto wa skuli, ng'ombe, baiskeli zenye mizigo na matuta.
- Udongo mkavu: 20 kwa saa.
- Udongo ulionyeshewa, au njia ya msituni: 12 hadi 15.
- Mchanga au mawe ya pwani: 10.

Mfano: lami kilomita 30 ni dakika 45. Udongo wa msituni kilomita 6 kwa mwendo wa 15 ni dakika 24. Mchanga kilomita 4 ni dakika 24. Jumla ni saa 1 na dakika 33 bila kusimama popote. Mtu aliyegawa kilomita 40 zote kwa mwendo wa lami angepata saa 1. Ile nusu saa ya ziada, kwenda na kurudi, ndiyo saa nzima inayomwangusha gizani.

Kuna tofauti moja ya kisiwa ambayo vitabu vingi huipita haraka, nayo ndiyo itakayoamua uharibifu utakaokupata. Magharibi na katikati ya Pemba ni vilima vya udongo mzito: huko utateleza. Mashariki, upande wa Micheweni na Kiuyu, ni nchi ya maweni, ardhi tambarare ya mawe ya matumbawe yenye ncha: huko utapata pancha. Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku, badili siku: nenda mashariki kwanza, uache Ngezi ikauke. Njia ya msituni ina kivuli cha mivule na mipapindi, jua haliigusi sawasawa, na tope lake hubaki siku moja au mbili baada ya uwanja wa Konde kuwa mkavu.

## Hatua ya 5: Panga siku kwa bahari na jua

Hatua hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa.

Bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua (siku za maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu) tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Ufukwe uliouona pichani, mpana na mweupe, unaweza kuwa ukanda mwembamba chini ya miti saa sita baadaye. Upande wa mashariki kinyume chake hukuudhi: maji yakipwa, bahari hukimbia mbali ukabaki na matope, mwani na mawe.

Jedwali la maji la bandari ya Unguja linatosha kwa kupanga. Kama huna, tumia mwezi kama wavuvi:

- Bamvua huwa takriban tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 18 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri.
- Kila siku inayofuata, nyakati husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50.
- Maji mafu huwa takriban tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25. Hapo mambo hugeuka: maji hupwa karibu saa 10 na kujaa karibu saa 4, na tofauti yake ni ndogo.

Kwa hiyo ukipanga kutembea Vumawimbi wakati wa bamvua, kuwa ufukweni kati ya saa 2 na nusu na saa 6 mchana. Ukifika saa 10 alasiri utakuwa umeendesha njia yote ile ukatazame maji.

Onyo: gari lisishuke ufukweni, hata mchanga ukionekana mgumu. Mchanga uliolowa hubeba gari linapotembea na hulimeza linaposimama, na maji yakirudi hayasubiri trekta litoke Konde. Zaidi ya hayo, kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizi. Acha gari kwenye ardhi ngumu, utembee kwa miguu. Na usiogelee kwenye ncha ya Ras Kigomasha. Mkondo hapo una nguvu.

Upande wa Micheweni na Kiuyu, maji yakipwa utaona kamba za mwani zimefungwa kwenye vijiti. Ni mashamba ya watu, mengi ya kina mama. Zunguka, usikatishe juu yake.

Jua ni rahisi. Pemba huchwa kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni, mwaka mzima. Weka kanuni moja: saa 10 na nusu uwe umeelekea kusini, na saa 11 na nusu uwe umefika Konde au lami yoyote. Giza letu huingia kwa haraka, na njia ya udongo haina taa.

## Hatua ya 6: Piga simu tatu

Sasa rudi kwenye mikwaju ya hatua ya 1. Usimpigie mtu mmoja maswali yote. Mpigie anayejua kila jambo:

Mwenye gari la kukodi, umuulize lini gari lilikwenda mara ya mwisho huko unakokwenda. Dereva wa daladala ya Konde, au mtu wa stendi, kwa hali ya njia. Nyumba ya wageni ya Wete au watu wa ofisi ya msitu wa Ngezi, kwa ada, saa za kufungua na mtembezaji.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoleta jibu. Ukiuliza "Barabara ni nzuri?" utajibiwa "Nzuri, karibu sana", kwa sababu aliyeulizwa ni muungwana na hataki kukuvunja moyo. Anza kwa salamu kamili, uulize hali ya nyumbani, kisha uulize jambo linalohesabika:

"Assalaam alaykum kaka, habari za hapo? Nataka kuja Makangale keshokutwa kwa gari ndogo. Jana zimepita gari za namna gani? Kuna iliyokwama, na ilikwama wapi? Mvua ya mwisho imenyesha lini?"

Ukimpigia mzee, shikamoo itangulie. Na neno "pale tu" lisikufariji. Muulize utapita vijiji gani kabla ya kufika.

Maswali mengine ya lazima: safari yako imeangukia Ramadhani? Mchana wote hutapata mkahawa uliofunguliwa, na kula hadharani ni kuwavunjia watu heshima. Imeangukia Ijumaa? Kati ya saa 6 na saa 8 mchana usitarajie ofisi wala duka. Unataka kulala kijijini? Sheha (kiongozi wa serikali wa eneo) apewe habari mapema, na hema lisipigwe ufukweni bila idhini.

Umefaulu ukiona: watu wawili wasiojuana wamekutajia mahali pabaya pale pale. Paandike kwa herufi kubwa.

## Hatua ya 7: Mafuta, maji, fedha, karatasi

Jaza tangi Chake au Wete. Huko vijijini utakuta petroli kwenye chupa. Inasaidia siku ya shida, lakini usiijengee mpango, kwani huwezi kujua imekaa muda gani wala imechanganyika na nini.

Hesabu ni hii: kilomita zote za mpango, mara moja na nusu, gawa kwa ulaji wa chombo. Kilomita 110 zinakuwa 165. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita kwenye njia mbaya linataka lita 16 na nusu. Pikipiki ya kilomita 35 kwa lita inataka karibu lita 5. Ile nusu ya ziada ni ya gia ndogo msituni, kupotea na kurudi nyuma.

Maji ya kunywa: lita 3 kwa mtu kwa siku, na dumu la ziada ambalo halifunguliwi mpaka mrudi. Fedha taslimu za noti ndogo zitolewe mjini. Mtandao wa simu ukikatika, wakala hana la kukusaidia.

Karatasi: leseni, kadi ya gari, bima iliyo hai. Mwenye leseni ya nje ya nchi apate kwanza kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, ndipo akabidhiwe ufunguo. Upande wa kuendesha ni kushoto. Anayetoka Unguja au bara achukue kitambulisho, kwa sababu tiketi ya boti ya Mkoani hukatwa kwa jina. Kutoka Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, na kutoka Chake hadi Wete ni kama hizo tena. Ukishuka botini mchana, siku hiyo ihesabu kuwa ya kufika Wete na kulala.

## Hatua ya 8: Andika ukurasa mmoja wa siku

Kitabu kibaki kwenye mkoba. Mkononi uwe na ukurasa mmoja wenye saa, mahali, na neno la kugeuka. Mfano, siku ya bamvua, kiangazi, kulala Wete:

Saa 12 na nusu asubuhi: kuondoka Wete, tangi limejaa.
Saa 1 na robo: Konde. Chai, chapati, maji. Kuuliza hali ya njia mara ya mwisho.
Saa 2: ofisi ya Ngezi. Kulipa ada, kuandikisha jina, kupanga na mtembezaji saa ya kurudi.
Saa 3: Vumawimbi. Maji yanashuka.
Saa 5 na nusu: Ras Kigomasha, mnara wa taa. Kuomba ruhusa kwa mwangalizi kabla ya kupanda.
Saa 7: kivuli, sala, chakula.
Saa 8 na nusu: kurudi Ngezi, kutembea msituni na mtembezaji.
Saa 10 na nusu: kugeuka, popote tulipo.
Saa 11 na nusu: Konde.

Angalia kuwa msitu umewekwa mwisho, na ufukwe mwanzo. Bahari haina subira, msitu unayo. Ukitaka kumsikia bundi mdogo wa Pemba, hiyo ni safari ya usiku, ipangwe na mtembezaji mbali na siku hii. Na popo wakubwa wa Pemba wana mahali pao rahisi zaidi, Kidike, kwenye njia ya kati ya Chake na Wete. Waweke siku ya kurudi, alasiri, wanapoanza kuchangamka.

Piga picha ya ukurasa huo, umtumie mtu anayebaki mjini, umwambie: "Saa 1 usiku sijakupigia, mpigie mtu wa Konde."

## Hatua ya 9: Njiani

Mambo machache yanayoharibu mpango mzuri.

Karafuu. Msimu wa mavuno utakuta majamvi ya karafuu yameanikwa pembeni ya lami, wakati mwingine yamechukua nusu ya njia. Punguza mwendo mapema, upishe, na tairi lisiguse jamvi hata kidogo. Kile kilichoanikwa pale ni ada ya skuli na chakula cha nyumba nzima.

Mchanga. Kabla ya kuingia, punguza upepo wa tairi, mfano kutoka psi 30 hadi 20. Tairi hutanuka na kubeba uzito kwa eneo kubwa. Usifunge breki ghafla, usikate kona kali. Ukirudi kwenye lami rudisha upepo mara moja, la sivyo tairi litapata joto na kupasuka. Ndiyo maana pampu iko kwenye orodha.

Umekwama. Gurudumu likizunguka bila gari kusogea, ondoa mguu kwenye mafuta sekunde ile ile. Kila mzunguko unachimba shimo lako. Shuka, fukua mbele ya magurudumu yanayovuta mpaka uone mteremko, laza makuti yaliyoanguka, washushe abiria wote, kisha toka polepole kwa gia ya kwanza. Watu watakuja kusaidia, kwa hakika watakuja. Wasukume pembeni ya gari. Nyuma kabisa ya gurudumu linalozunguka asisimame mtu.

Tope la msituni. Simama kabla ya dimbwi, shuka, pima kina kwa fimbo. Kina kikipita nusu ya gurudumu, rudi. Ukiona alama za magari zimelikwepa dimbwi kwa upande mmoja, zifuate.

Maweni. Pancha ya kwanza si shida. Baada ya kufunga tairi la akiba, safari ya mbele imekwisha: rudi Micheweni au Konde kwa fundi, lizibwe, ndipo uendelee. Pancha ya pili bila tairi la akiba ndiyo inayolaza watu barabarani.

## Hatua ya 10: Kabla ya kurudisha ufunguo

Keti Wete au Chake jioni ile ile, kabla tope halijakauka kwenye viatu. Fungua kitabu, na kila penye mkwaju andika ulichokikuta pamoja na tarehe: njia ilikuwaje, ada ilikuwa ngapi, maji yalipwa saa ngapi, ni wapi mlishuka mkasukuma. Andika pia kilomita halisi za kwenye dashibodi kando ya zile za uzi, ili ujue ramani yako hupunguza kiasi gani.

Kisha mpigie yule mtu wa Konde, umwambie mmefika salama.